Michoro Iliyo Mbele ya Kisongo

Basi linalotoka Arusha kwenda Dodoma hupita kando ya uwanja mdogo wa ndege, likaingia Kisongo, likaiacha njia panda ya Monduli, kisha likashika Makuyuni na Babati. Baada ya Babati barabara hupanda na kushuka katika milima ya Irangi, na kabla ya kufika Kondoa mjini kuna kijiji kiitwacho Kolo. Abiria wengi hukipita wakiwa wamesinzia. Juu ya milima ya hapo kuna kuta za mawe zilizochorwa watu, twiga, pofu na tembo kwa rangi nyekundu. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza kuta hizo katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na eneo lote linalozizunguka, kilomita za mraba 2,336.

Mhadhara huu unahusu namna ya kutembelea makumbusho ya michoro na chapa, yaani nyumba inayotunza kazi za penseli, kalamu, wino na bamba, tofauti na zile zinazotunza mifupa, mikuki au vyombo vya kale. Arusha haina nyumba ya namna hiyo. Ina Boma la Wajerumani lililogeuzwa Makumbusho ya Taifa ya Elimu ya Viumbe, ina Makumbusho ya Azimio la Arusha, na kwenye barabara hiyohiyo ya Dodoma ina jumba maarufu la sanaa lililojengwa kwa umbo la ngoma, ngao na mkuki. Zote hizo zinafaa kutembelewa. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kisongo anayetaka kukaa mezani na kuutazama mchoro mmoja kwa nusu saa, karatasi ikiwa mbele ya pua yake, hana pa kwenda. Mhadhara unadai kwamba mahali hapo panawezekana, na kwamba watu wa Arusha wana haki ya kupadai kuliko wengi, kwa sababu wanaishi katikati ya mojawapo ya historia ndefu za michoro duniani.

Ni vizuri kuanzia mbali kidogo, huko ambako nyumba za namna hii zimezoeleka. Vienna, mji mkuu wa Austria, kuna Albertina, iliyotokana na mkusanyo ulioanzishwa mwaka 1776 na mtawala aliyeitwa Albert wa Saxe-Teschen. Leo ina chapa zipatazo milioni moja na makumi ya maelfu ya michoro. Wageni wengi huenda pale kwa ajili ya sungura aliyechorwa na Albrecht Dürer mwaka 1502 kwa rangi za maji, mwenye manyoya unayoweza kuyahesabu na masharubu yanayoelekea kutikisika. Wengi wao hawamkuti. Sungura huyo hutolewa mara chache sana, akaoneshwa kwa muda mfupi, kisha hurudishwa gizani kwa miaka. Ukutani hubaki nakala.

Sababu yake ni mwanga. Karatasi na rangi za maji huliwa na mwanga kidogo kidogo, na madhara hayo hayatibiki. Hata ukizima taa kesho, mwanga wa leo umekwisha kufanya kazi yake. Kwa hiyo nyumba za michoro huweka vyumba vyao katika mwanga wa luksi 50 hivi, kiasi cha sebule yenye taa hafifu usiku. Jua la saa sita mchana Kisongo hufikia luksi 100,000. Mtu anayetoka kwenye jua kama hilo na kuingia katika chumba cha michoro hudhani umeme umekatika. Akisimama dakika tano macho yake yatazoea, na hapo mistari itaanza kujitokeza mmoja mmoja. Hilo ndilo jambo la kwanza la kujifunza katika ziara hizi: usiingie kwa haraka, na usihukumu chumba kabla macho hayajatulia.

British Museum ya London ina idara nzima ya chapa na michoro, yenye vipande zaidi ya milioni mbili. Vinavyotundikwa ukutani ni tone tu. Vingine vyote vimelala kwenye masanduku na makabati, na kuna chumba cha kusomea ambamo mgeni anayeweka miadi huletewa mezani kile alichokiomba. Huhitaji kuwa profesa. Unatakiwa mikono safi, penseli badala ya kalamu ya wino, na utulivu. Ziara ya namna hiyo haifanani hata kidogo na ile ya kupita vyumbani ukipiga picha. Unaketi. Karatasi inafunguliwa mbele yako, na unaona hata pale ambapo mchoraji alibadili mawazo akaurudia mguu wa farasi mara tatu.

Katika masanduku hayo ya London umo mchoro mmoja unaomhusu sana mtu wa Arusha. Ni faru. Tarehe 20 Mei 1515 meli ya Wareno ilitia nanga Lisbon ikiwa na faru hai kutoka India, zawadi ya mtawala wa Gujarat iliyoishia kwa mfalme Manuel wa Ureno. Ulaya ilikuwa haijamwona mnyama huyo tangu enzi za Warumi. Mtu mmoja aliyekuwa Lisbon akaandika barua na kuchora picha ya haraka, vikafika Nuremberg, mikononi mwa Dürer yuleyule wa sungura. Dürer hakumwona faru huyo maishani mwake. Alichukua kalamu na wino akachora alichosimuliwa, kisha mchoro ukahamishiwa kwenye kibao na kuchapwa mwaka huohuo wa 1515. Faru mwenyewe alipelekwa Roma kama zawadi kwa Papa, meli ikazama karibu na pwani ya Italia mwanzoni mwa 1516, naye akafa kwa kuwa alikuwa amefungwa minyororo.

Mtazame sasa faru wa Dürer kwa jicho la mtu aliyewahi kushuka Ngorongoro. Ngozi yake imegeuzwa deraya, mabamba ya chuma yaliyounganishwa kwa misumari. Miguu ina magamba. Juu ya bega imeota pembe ndogo iliyosokotwa ambayo hakuna faru yeyote, wa India wala wa Afrika, aliyewahi kuwa nayo. Pamoja na hayo yote, chapa hiyo iliingia katika vitabu vya wanyama na vya shule, ikanakiliwa na kunakiliwa tena, na kwa zaidi ya miaka 200 Wazungu wengi walimjua faru kwa sura hiyo. Mchoro uliofanywa na mtu ambaye hakumwona uliwashinda mashahidi waliomwona, kwa sababu mchoro ulikuwa umechapwa na ushahidi wao haukuchapwa.

Hapo ndipo nguvu ya chapa ilipo. Kabla ya kamera, kilichochapwa ndicho kilichosafiri. Mwaka 1856 wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann walichapisha ramani ya ndani ya Afrika Mashariki iliyotokana na masimulizi ya watu wa misafara ya pwani. Maziwa yetu makuu yakatokea kama ziwa moja refu lililojikunja katikati ya bara. Ziwa hilo halipo. Hata hivyo ramani hiyo ilizua mabishano makali London, na mwaka uliofuata Richard Burton na John Speke wakafunga safari kwenda bara. Anayetazama chapa ya zamani, basi, ana maswali mawili ya kuiuliza: aliyechora alisimama wapi, na nani alimwambia?

Kuna njia kuu mbili za kutengeneza chapa ambazo mgeni wa makumbusho anapaswa kuzijua, maana bila hizo atatazama asielewe. Ya kwanza ni ya kibao, kama faru wa Dürer. Mchongaji huondoa sehemu zote zinazotakiwa kubaki nyeupe, mistari inabaki imeinuka, inapakwa wino, karatasi inalazwa juu na kukandamizwa. Ya pili ni ya bamba la shaba au zinki, nayo huenda kinyume chake. Bamba hupakwa utando wa nta, msanii huchora juu yake kwa sindano mpaka chuma kionekane, kisha bamba hutiwa katika asidi. Asidi hula pale tu sindano ilipopita. Nta huoshwa, wino husuguliwa juu ya bamba zima, halafu hufutwa kwa kitambaa hadi ubaki ndani ya mifereji peke yake. Karatasi iliyoloweshwa kidogo hulazwa juu, vyote vikapitishwa kati ya rola nzito za mashine. Karatasi hujipenyeza ndani ya mifereji na kuunyonya wino. Ukiigusa chapa ya namna hii unasikia mstari umeinuka chini ya kidole, na pembeni mwa picha unaona alama ya bamba iliyobonyea kwenye karatasi. Kwa alama hiyo fundi hutambua chapa halisi na nakala ya duka la vitabu.

Kazi hii imefanywa Tanzania, tena kwa ubora mkubwa. Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, mahali ambapo vijana wengi wao wasio na shule ya sanaa walipewa vifaa na nafasi. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 katika eneo la Masasi, alikuwa mchongaji wa Kimakonde aliyeanzia hapo kama mlinzi. Mashetani aliyokuwa akiyatoa kwenye mpingo, yenye masikio makubwa, midomo iliyochongoka na matumbo ya duara, akayahamishia kwenye karatasi, kwenye batiki, kwenye ngozi ya mbuzi na kwenye bamba la kuchapia. Pembeni yake alikuwapo Robino Ntila, ambaye jina lake linahusishwa zaidi na chapa za bamba. Lilanga alifariki mwaka 2005, kazi zake zikiwa zimeoneshwa Ulaya, Marekani na Japani.

Chapa ina jambo moja ambalo mchoro wa rangi hauna. Bamba moja hutoa nakala kadhaa, kila moja ikiwa kazi halisi ya msanii, na chini yake msanii huandika kwa penseli namba yake kati ya jumla. Nakala moja inaweza kwenda Washington, nyingine ikabaki Masasi, ya tatu ikawekwa Kisongo, na hakuna aliyenyimwa. Kwa nchi isiyo na mabilioni ya kununulia sanaa hii ndiyo njia ya busara kupita zote. Lakini sehemu kubwa ya kazi za Nyumba ya Sanaa ziliondoka na wageni walionunua. Hilo halikuwa kosa la wasanii, waliokuwa na familia za kulisha. Walioshindwa ni wale ambao wangeweza kuweka pembeni nakala moja ya kila bamba kwa ajili ya watoto wa nchi hii.

Upande wa Kilimanjaro mambo yalianza mapema zaidi. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alisoma sanaa Makerere chini ya Margaret Trowell, akafundisha hapohapo, na baada ya uhuru akawa balozi wa Tanganyika mjini London. Picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ya mwaka 1956, imo katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Elimo Njau wa Marangu naye alitoka Makerere, akachora kuta za kanisa kule Murang'a, kisha akaanzisha ukumbi wa sanaa nyumbani kwao Marangu na mwingine Nairobi. Kutoka Kisongo hadi Machame ni mwendo wa asubuhi moja. Kuiona picha hiyo ya mtoto wa Machame, inakubidi uombe viza.

Sasa turudi kwenye barabara ya Dodoma.

Mary Leakey anajulikana Arusha kwa fuvu la Zinjanthropus alilolipata Oldupai tarehe 17 Julai 1959, na kwa nyayo za Laetoli. Wachache wanakumbuka kwamba aliingia katika elimu ya mambo ya kale kwa mlango wa kalamu. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji. Utotoni familia yao ilikaa kwa vipindi kusini-magharibi mwa Ufaransa, na huko msichana yule akaoneshwa mapango yenye michoro ya kale. Hakuwa na shahada yoyote. Alichokuwa nacho ni mkono. Alichora zana za mawe za Fayum, Misri, kwa ajili ya kitabu cha Gertrude Caton-Thompson, na kwa uzuri wa michoro hiyo Louis Leakey akamwomba amchoree zana za kitabu chake mwenyewe, kilichotoka mwaka 1934. Mwaka uliofuata alikuwa Kondoa, amesimama mbele ya miamba iliyochorwa kwa mara ya kwanza.

Hakuwa wa kwanza kuandika habari za miamba hiyo. Mwaka 1929 T. A. M. Nash, aliyekuwa akitafiti mbung'o, alichapisha taarifa fupi kuhusu michoro aliyoikuta karibu na Kondoa Irangi. Mwaka 1950 jarida la Tanganyika Notes and Records lilitoa toleo maalumu juu ya michoro ya miambani, na mhusika mkuu alikuwa Henry Fosbrooke, ofisa wa serikali ambaye baadaye aliiongoza Hifadhi ya Ngorongoro na kumalizia maisha yake kando ya ziwa Duluti, hapa hapa Arusha. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakiijua michoro hiyo muda wote.

Mwaka 1951 Mary Leakey alirudi Kondoa, safari hii akiwa na fedha za taasisi ya Wenner-Gren na miezi mitatu mbele yake. Katika maeneo 186 yaliyoorodheshwa alichagua yale yaliyokuwa bado yanasomeka, akanakili maumbo yapatayo 1,600 ya watu na wanyama. Kazi ilikwenda hivi: karatasi laini inayopitisha mwanga iliwekwa juu ya mwamba, mstari ukafuatwa kwa kalamu, kisha mchoro ukahamishiwa kwenye karatasi ya kawaida na kupakwa rangi palepale, mwamba ukiwa mbele ya macho, ili wekundu wa karatasi ulingane na wekundu wa jiwe. Baada ya miaka mingi aliutaja msimu huo kuwa miongoni mwa vipindi bora vya maisha yake ya kazi. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, Africa's Vanishing Art, kilichapishwa mwaka 1983, miaka 32 baada ya kazi kufanyika.

Pengine mtu atauliza kwa nini ajisumbue hivyo wakati kamera ilikuwapo. Kamera huchukua kila kitu kwa usawa: ukungu, nyufa, mikojo ya pimbi, michirizi ya maji, na mchoro humo humo. Kwenye miamba ya Kolo wachoraji walichora juu ya michoro ya waliowatangulia, tabaka juu ya tabaka, hivyo tumbo la pofu linaweza kubeba miguu ya watu watatu wa nyakati tofauti. Anayenakili kwa mkono analazimika kuamua kila mstari ni wa nani. Huamua polepole, pua ikiwa karibu na jiwe, na kwa kuamua huko anaona kile ambacho mpiga picha hukipita. Ndiyo maana michoro ya Mary Leakey ni elimu na si nakala tu. Ina gharama yake pia. Aliitoa picha kwenye mwamba na kuiweka kwenye karatasi nyeupe isiyo na ufa wala kona, na watafiti wa leo husema kwamba ufa na kona vilikuwa sehemu ya picha. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini baadhi ya michoro aliyoinakili imeendelea kufifia tangu siku hizo, na karatasi yake inazidi kuwa shahidi wa lazima.

Mgeni anayeshuka Kolo huanzia kwenye ofisi ya mambo ya kale kijijini, analipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Kisha ni gari mpaka chini ya mlima, na kutoka hapo ni miguu. Mteremko ni mkali na mawe yanateleza. Viatu vya ofisini havifai. Kuna sehemu tatu karibu karibu, ambazo watafiti huziita B1, B2 na B3, na wenyeji huliita eneo lile Mungomi wa Kolo. Usitegemee pango lenye giza. Ni miamba mikubwa iliyoinama mbele kama baraza, ikikinga ukuta na mvua.

Dakika ya kwanza huoni kitu. Ukuta una madoa ya kahawia, ya njano, ya kijivu, na mwongozaji ananyoosha kijiti kuelekea mahali ambapo kwako pako sawa na kwingine. Halafu unaona mstari mwekundu uliosimama wima. Ni mguu, mrefu kupita kiasi, na juu yake kiwiliwili chembamba, na juu kabisa kichwa chenye nywele zilizotandazwa duara kubwa. Ukishampata mmoja, wengine wanajileta. Mistari ni myembamba sana, imepakwa kwa ncha laini, mingi ikienda sambamba bila kugusana. Mkono ulioichora haukutetemeka. Katika mandhari inayojulikana zaidi, mtu mmoja wa katikati anashikwa mikono na wengine walio pande zake mbili, baadhi yao vichwa vikiwa vya ajabu, kana kwamba wamevaa barakoa. Mary Leakey aliona humo mtu anayetekwa. David Lewis-Williams wa Afrika Kusini, akiandika miaka ya 1980, aliona ngoma ya uganga na watu waliopandwa na maruhani, akilinganisha na simbo, ngoma ya Wasandawe wanaoishi upande wa magharibi wa Kondoa. Maelezo ya pili yanashawishi zaidi, kwa sababu yanawasikiliza watu wa eneo. Eric ten Raa, aliyekaa na Wasandawe, alichapisha mwaka 1971 habari kwamba uchoraji wa miambani ulikuwa bado ni jambo la kumbukumbu hai kwao, na kwamba walichora kwa sababu mbalimbali: uwindaji, tambiko, na wakati mwingine kupitisha muda tu.

Kuna michoro mingine, minene na myeupe, iliyopakwa kwa kidole. Hiyo ni ya baadaye, nayo huhusishwa na wakulima wa Kibantu. Wageni huipita haraka kwa kuwa haina wembamba wa ile myekundu. Ni makosa kuipita. Hao ndio waliofika, wakakuta kuta zimechorwa na wengine, wakaamua kuendelea kuzitumia. Warangi mpaka leo hufanya matambiko ya mvua na uponyaji Mungomi wa Kolo, na pombe ya kienyeji humwagwa mahali pale. Wahifadhi wengine walilalamika kwamba pombe inaharibu michoro. Fidelis Masao, mtaalamu wa Kitanzania ambaye kitabu chake kuhusu michoro ya kati ya Tanzania kilitoka mwaka 1979, na watafiti waliomfuata wameonesha wazi kuwa historia ya miamba hii haiwezi kuandikwa bila watu wanaoizunguka. Wazee waliulinda mlima huo kwa heshima na hofu kabla ya idara yoyote kuundwa, na kuwafukuza ili kulinda picha kungekuwa dhuluma na ujinga kwa pamoja.

Hatari kubwa ziko kwingine. Kuna wanaochimba chini ya miamba wakitafuta dhahabu inayosemekana ilifichwa na Wajerumani. Hawapati dhahabu, wanaharibu udongo wenye historia na kutimua vumbi linalokwenda kukaa juu ya picha. Kuna waliowahi kumwaga maji ukutani ili rangi ing'ae kwa ajili ya picha. Hung'aa kwa dakika chache, kisha maji yakikauka huacha chumvi inayofunika mchoro. Mgeni mwema hagusi, hamwagi, hakwangui. Anakaa kwenye jiwe, anatoa daftari na penseli, na anajaribu kuchora kile anachokiona. Hata asiyejua kuchora akifanya hivyo kwa robo saa ataona mara mbili ya yule aliyepiga picha mia.

Kisongo yenyewe imebeba jina la Ilkisongo, kundi kubwa la Wamaasai wa upande huu wa mpaka, nao wana historia yao ya michoro. Ngao za morani zilichorwa kwa nyekundu, nyeupe na nyeusi, kwa mpangilio uliotambulisha ukoo na rika, na alama ya ushujaa hakuipaka ila aliyeruhusiwa. Kwenye mwinuko wa Lukenya, Kenya, katika maficho ambako morani walikaa kula nyama, michoro ya ngao na alama za ng'ombe imepakwa kwenye mwamba. Moritz Merker, ofisa wa Kijerumani aliyekaa Moshi, alichapisha kitabu kikubwa juu ya Wamaasai mwaka 1904, wakati Boma la Arusha lilikuwa na miaka michache tu tangu lijengwe kwa nguvu za Waarusha walioshindwa vitani. Ngao nyingi za enzi hizo ziko Ulaya. Kijana wa Kisongo anayetaka kujua babu wa babu yake alichora nini huishia kutazama picha kwenye simu.

Nyumba ya michoro inayopendekezwa hapa kwa Kisongo ni ndogo. Vyumba viwili vya ofisi vinatosha, kimojawapo kikiwa na pazia zito na taa zinazopunguzwa. Yanahitajika makabati yenye droo pana na za kina kifupi, karatasi za kufungia zisizo na asidi, kipimo cha mwanga, na meza mbili. Umeme ukikatika michoro haiharibiki. Tembo aliyekaushwa anadai uangalizi mkubwa zaidi. Droo ya kwanza ingebeba nakala bora za michoro ya Kolo, kwa makubaliano na wanaomiliki kazi ya Mary Leakey. Ya pili, michoro ya ngao za Kimaasai, ikichorwa upya na vijana kutoka kwenye ngao zilizobaki na kwa maelekezo ya wazee wa Monduli na Longido. Ya tatu, chapa za Lilanga, Ntila na wenzao, zikitafutwa moja moja kwa waliozinunua, wengine wakiwa tayari kuzirudisha wakiombwa vizuri. Faru wa Dürer angepata nafasi pia, katika nakala ya kawaida, ili mwanafunzi aliyerudi Ngorongoro jana amkosoe.

Mashine ya kuchapia ingewekwa katika chumba cha pili. Fundi wa vyuma wa Arusha anayetengeneza matela na mageti anaweza kuiunda: fremu, rola mbili za chuma, ubao wa kati na gurudumu la kuzungushia. Mfano wake unapatikana katika kitabu chochote cha ufundi wa chapa. Kinachodai uangalifu ni unyoofu wa rola, maana zikipinda hata milimita moja wino hushika upande mmoja wa karatasi na kuuacha mwingine mtupu.